Mudi ya Kusoma Ikikata

Ujumbe huja usiku, mara nyingi baada ya saa nne, na karibu kila mara unasema jambo lilelile: "Madam, mudi ya kusoma imekata kabisa." Mwingine anaandika kwamba hana mzuka. Mwingine haandiki chochote, anatuma picha ya daftari lililofunguliwa ukurasa uleule tangu magharibi. Nafundisha baiolojia na kemia darasa la jioni hapa Dodoma, upande wa Chang'ombe. Wanafunzi wangu ni watahiniwa wa kujitegemea: wanaorisiti kidato cha nne, watu wazima waliokatisha shule na sasa wanajiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule wa kufuzu kufanya mtihani wa kidato cha nne, na siku hizi vijana kadhaa wa chuo wanaokuja kukaa viti vya nyuma wapige msuli wao kwa sababu kuna taa na kuna wenzao. Kuanzia Agosti, upepo ukishaanza kutimua vumbi la mji huu na Novemba ikiwa haiko mbali, ujumbe wa namna hii unaongezeka. Nimeona niandike kwa kirefu yale ninayowajibu kwa vipande.

Jibu langu la kwanza huwa ni swali. Umekwama wapi? Nitajie mada, nitajie ukurasa, ikiwezekana nitajie mstari. Wengi hushangaa, maana walitarajia maneno ya kutia moyo. Lakini kwa muda niliofundisha nimeona kwamba anayesema mudi imekata mara nyingi ana kitu kimoja au viwili asivyovielewa, amekaa navyo siku nyingi, na aibu ya kutoelewa imesambaa hadi somo zima limekuwa chungu. Anajiita mvivu kwa sababu ndivyo alivyoitwa nyumbani na shuleni. Uvivu nakubali upo, ila katika kumtafuta mchawi wa mwanafunzi mimi huo nauweka mwisho kabisa.

Kijana mmoja anayeendesha bodaboda kijiwe cha Nkuhungu aliniambia mbele ya darasa kwamba yeye na kemia basi. Alikuwa na F ya mwaka uliopita na aliamini F nyingine inamsubiri. Nikamwomba asawazishe mlinganyo mmoja tu, ule wa haidrojeni na oksijeni kutengeneza maji. Akaanza kubadilisha zile namba ndogo zinazokaa chini ya herufi. Hapo nikajua palipo na shida. Ama hakuna aliyewahi kumweleza, ama ilielezwa siku ambayo hakuwepo, kwamba namba ndogo ya chini inasema molekuli moja ina atomi ngapi na haiguswi, na kwamba kinachobadilishwa ni namba kubwa ya mbele, inayosema molekuli zenyewe ziko ngapi. Tukachukua vizibo vya soda. Vyeupe vikawa haidrojeni, vyekundu vikawa oksijeni. Nikamwambia kila gesi hapa inakuja mbilimbili, huruhusiwi kuvunja jozi na kutupa nusu. Tengeneza maji, na mwisho meza isibaki na kizibo. Akapanga viwili vyeupe na kimoja chekundu, akabaki na chekundu mkononi. Akakitazama. Akavuta jozi nyingine ya vyeupe, akatengeneza maji ya pili, vizibo vikaisha. Akaandika 2 mbele ya haidrojeni na 2 mbele ya maji bila kuniuliza. Kisha akasema, "Nipe nyingine." Nikampa methani ikiungua. Kisha akataka nyingine.

Kijana huyu alikuwa barabarani tangu alfajiri, amechoka, hajala vizuri, na bado mlinzi alipokuja kufunga geti alimkuta anasawazisha milinganyo. Sikuwa nimempa hotuba yoyote. Naeleza habari hii kwa sababu inaonesha jambo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: ari huja nyuma ya kuelewa. Sisi tunawaambia vijana watafute ari kwanza ndipo wafungue daftari. Nao wanaitafuta kwenye simu, wanasikiliza wahamasishaji wakisema amka, pambana, usikate tamaa, na moyo unapata joto kweli kwa nusu saa. Akifungua daftari, mlinganyo uko vilevile. Joto likishapoa anajiona ana kasoro kubwa zaidi ya ile ya mwanzo, kwamba hata kuhamasishwa hahamasiki. Inaniuma kuona mtoto mwenye akili zake timamu akifika mahali hapo.

Mapengo ya namna hii huanza mapema, na kwa watoto wetu wengi huanza siku ile wanapovuka kutoka darasa la saba kuingia kidato cha kwanza. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali. Anaingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kuna wiki chache za kumzoesha, halafu safari inaanza, na anayeachwa nyuma mwezi wa tatu hasubiriwi. Nilishawahi kuweka zabibu kavu, hizi zetu za Dodoma, kwenye glasi ya maji mwanzo wa kipindi cha osmosisi. Kufika mwisho wa kipindi zimeanza kuvimba. Darasa lilieleza vizuri kabisa: ndani ya zabibu kuna sukari nyingi, nje kuna maji matupu, ganda linaruhusu maji kupita lakini sukari haitoki, basi maji yanaingia. Mama mmoja akaongeza kwamba ndiyo maana nyama ikitiwa chumvi hutoa maji. Hakuna profesa ambaye angeweza kuwasahihisha. Nikawapa swali la mtihani wa zamani kuhusu jambo hilohilo, kwa Kiingereza kama linavyotoka, na vichwa vikainama. Walikuwa wanajua jibu na hawakujua kwamba wanalijua.

Mtu aliyefeli kwa namna hiyo miaka minne mfululizo, utamwambiaje kwamba tatizo lake ni kukosa nidhamu? Ninachofanya ni kukaa kwenye Kiswahili mpaka kila mtu ameelewa, halafu jioni ileile tunaandika sentensi tatu nne za Kiingereza, fupi, zinazosema kile walichokwisha kukieleza kwa midomo yao. Sentensi fupi zina alama sawa na ndefu. Hilo nalo hakuna aliyewaambia.

Sasa niseme kuhusu jinsi ya kusoma, kwa sababu hapa ndipo ari ya watu wengi inapokufa bila wao kujua imeuawa na nini. Ukipita kwenye vimbweta vya chuo wakati pepa zimekaribia, zile meza na benchi za zege zilizopangwa nje, utaona wengi wanafanya kitu kimoja: wanasoma madesa, yaani notsi za kozi, kutoka mwanzo hadi mwisho, wakimaliza wanarudia, na kalamu ya rangi mkononi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yaliyowapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma. Kundi jingine likafunika karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka, bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Na katika jaribio la pili, waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Hilo la mwisho ndilo ninalolirudia darasani kila mara. Kurudia kusoma kunampa mtu uhakika. Ukurasa unakuwa mzoevu machoni, anajiambia hii naijua, analala na amani. Asubuhi ya mtihani anafungua karatasi na kichwa kinakuwa cheupe. Hawezi kujua kwamba njia ndiyo iliyomwangusha, maana amekesha, ametoa jasho, ana ushahidi wa macho mekundu. Kinachobaki ni kuhitimisha kwamba kichwa chake ndicho kibovu. Ikitokea hivyo semista mbili, nani atakuwa na mudi ya semista ya tatu?

Kujipima kunauma mapema. Unafunika daftari, unaandika unachokumbuka, unakuta ni mistari miwili. Wengi wanaacha hapo, wanarudi kwenye kusoma-soma kwa sababu kunatuliza. Nawasihi wavumilie huko kuumia, kwa kuwa kesho mistari itakuwa minne, na hiyo minne hakuna aliyekupa ila wewe.

Aliyenifundisha namna bora ya kufanya hivyo ni mama mmoja mwenye genge la chakula karibu na soko la Majengo. Ni mtu wa Mvumi, ananizidi umri kwa mbali. Nikimkuta namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba mwalimu, na siku akifurahi naitwa mwanangu. Aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito, enzi ambazo msichana akipata mimba shule ya serikali ilikuwa imekwisha kwake. Serikali iliporuhusu mwezi Novemba 2021 wasichana wa aina hiyo warudi shuleni, yeye alikuwa na wajukuu. Akaja kwangu. Anawasha moto saa kumi na moja alfajiri, supu na chapati kwanza, kisha wali, maharage, ugali wa uwele na mlenda kwa wateja wa mchana. Muda wa kukaa mezani na daftari hana kabisa.

Nilichomwambia ni kimoja tu, ajiulize maswali bila kuangalia. Mengine ni akili yake. Alikata maboksi ya sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja ameandika swali, upande wa pili jibu. Aproni yake ina mifuko miwili. Vipande vyote vinaanzia mfuko wa kushoto. Wateja wakipungua anatoa kimoja, anajibu kwa sauti huku anakoroga, anageuza kuangalia. Akipata, kinahamia mfuko wa kulia. Akikosa, kinarudi kushoto chini ya vingine. Jumamosi anavirudisha vyote kushoto na kuanza upya, kwa sababu, anasema, kichwa cha mtu mzima hakiaminiki bila kukaguliwa. Mafundi wa gereji wanaokula pale wameshakuwa walimu wasaidizi. Wanachomoa kipande wenyewe, wanamuuliza kazi ya ini, na akikosea wanamtania mpaka akumbuke. Nimewakuta wanabishana wao kwa wao kuhusu tofauti ya ateri na vena, sahani zimepoa.

Nikimuuliza kama anapata ari ya kusoma baada ya kazi ya namna ile, anautazama mfuko wa kulia. Umejaa, anauona, anaugusa. Watu wanaokaa muda mrefu na masomo, kwa jinsi nilivyowatazama, wote wana kitu cha namna hiyo kinachowaonesha kwa macho kwamba leo wanajua kuliko jana. Mwingine ni ukurasa wa nyuma wa daftari wenye orodha ya mada alizoweza kuzieleza bila kuangalia. Kijana wa bodaboda hupiga picha ubao akishasawazisha mlinganyo mgumu. Asiye na kitu kama hicho anasubiri matokeo ya Baraza la Mitihani yamwambie kama anaweza, na matokeo huja mara moja kwa mwaka.

Alama nazo zigawanywe namna mtu anavyoweza kuziona. Mtu ana 22 kwenye jaribio la moko, unamwambia lenga A. Amekuheshimu, ameitikia, na hajaamini. Kidato cha nne D inaanzia 30, C inaanzia 45. Kutoka 22 hadi 30 ni maswali mafupi machache aliyoyaacha wazi. Namwonesha ni yapi. Akifika 30 tunaongea habari za 45. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti hupokea mwenye ufaulu wa D nne nje ya masomo ya dini, kwa hiyo hata hiyo D ina mlango wake, na ni vizuri mwanafunzi ajue mlango gani unafunguka kwa alama ipi badala ya kubebeshwa A kama mzigo.

Kwa wa chuo nina maneno yao peke yao, maana nami nilisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, upande wa elimu. Chuo kile kilianzishwa mwaka 2007, kimekaa juu ya vilima, kikubwa kiasi kwamba kutoka ndaki (koleji) moja hadi nyingine ni safari. Mtoto ametoka Kigoma au Lindi, hajui mtu. Mwanzoni ana bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu. Bodi ya Mikopo inatoa hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, lakini fedha haiji kwa siku, inakuja kwa mkupuo, na mkupuo unapoingia kila mtu anakumbuka kwamba ana shida ya viatu, ana deni, ana mdogo wake nyumbani anayedaiwa mchango. Wiki za mwisho ni pasi ndefu: chai asubuhi, halafu hakuna kitu mpaka usiku. Mtu wa pasi ndefu akikaa kimbwetani saa tisa mchana macho yanapita juu ya maneno. Anasema mudi imekata. Mudi haikukata, mdogo wangu, una njaa. Bumu likiingia nunua kwanza unga, mchele, maharage na mafuta ya wiki zote, tafuta mwenzako wa kupika naye kwa zamu, ndipo uangalie viatu. Ni ushauri wa jikoni, na umeokoa semista za watu kuliko hotuba nilizozisikia ukumbini.

Upweke nao unakula ari taratibu. Kimbweta kina faida kuliko chumba kwa sababu pale unaonekana. Usipotokea siku mbili kuna mtu anauliza uko wapi. Ila kikundi cha diskasheni kinachofaa ni kile ambacho kila mmoja anapewa mada ya kuwaeleza wenzake. Kile ambacho kipanga mmoja anaongea na wengine wanaitikia ni mhadhara mwingine tu.

Lipo swali moja ambalo silikwepi, na ndilo gumu kuliko yote. "Madam, nisome ya nini? Ajira ziko wapi?" Anayeuliza hivi hapa Dodoma anaishi katikati ya ajira anazoziona kwa macho. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku kwa dhati, na mji ukatangazwa jiji Aprili 2018, majengo yaliota kila upande. Akipanda daladala ya kwenda Mtumba anapita mbele ya wizara, anaona magari, anaona watu wamevaa vitambulisho shingoni. Akirudi nyumbani anamkuta kaka yake mwenye shahada anauza mitumba Sabasaba. Kila wiki kuna mtu wa mtaani kwao amepanda basi kwenda usaili wa nafasi chache na kukuta umati uwanjani.

Siwezi kumdanganya mtu huyu. Mimi mwenyewe nilihitimu ualimu, nikajitolea shuleni nikisubiri nafasi, na hadi leo linalonilisha ni darasa hili la jioni. Ninachomwambia ni kwamba tuliowafundisha tuliwafunga vibaya pale tuliposema soma upate kazi, tukaishia hapo. Tuliifunga ari yao yote kwenye kitu ambacho hawakishiki mikononi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo walipewa mafumbo ya vipande vya kupanga, mchezo unaovutia wenyewe. Kundi moja likalipwa dola moja kwa kila fumbo lililotatuliwa, kisha katika kipindi kilichofuata malipo yakaondolewa. Waliokuwa wamelipwa wakayagusa mafumbo yale kwa muda mfupi zaidi walipoachwa peke yao kuliko walivyokuwa wakifanya kabla ya kulipwa. Kwa miaka kumi na mbili mtoto ameambiwa malipo ni kazi. Siku anapoona malipo yana mashaka, kila daftari linapoteza maana kwa mkupuo.

Simaanishi kwamba kazi si muhimu. Watu wanakula. Cheti bado ni kitu cha kupigania, na nawaelekeza wangu mpaka kwenye fomu za maombi. Lakini natafuta pia sababu iliyo karibu, ambayo hakuna tangazo la nafasi linaloweza kuichukua. Mama wa Majengo alipojifunza jinsi bakteria wanavyozaliana kwenye chakula kilichopoa nusu, alibadilisha namna anavyotunza maharage ya jioni, na hasara ya kumwaga ikapungua. Kijana wa bodaboda alipofika kwenye mwako usio kamili, ule unaotoa gesi ya sumu, alielewa kwa nini asiwashe pikipiki ndani ya chumba kilichofungwa, akamwambia na bosi wake mwenye gereji. Mwanafunzi wangu mwingine ana baba mwenye shamba dogo la zabibu njia ya Hombolo, na mada ya udongo aliisoma akiwa na shamba lile kichwani, akabishana na baba yake kuhusu mbolea. Hawa nikiwaambia ajira hakuna, wataumia, ila kesho jioni watakuja.

Nina neno zito kwa walimu wenzangu na kwa wazazi. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nilifurahi, nikasubiri nione kama shuleni nako tutaiga. Bado matokeo yanabandikwa ukutani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, jina na alama, na bado mwalimu anasimama paredi kumsomea wa mwisho mbele ya wote. Neno kilaza linatamkwa ofisini kama jina la mtu. Wanafunzi wangu wanaorisiti, wengine wana watoto, bado wanakumbuka nani aliwaita hivyo na alikuwa amevaa nini siku hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba neno lile lilimfanya asome zaidi. Mzazi naye akiuliza, asiulize umekuwa wa ngapi. Aupe mdomo wa mtoto kazi: nieleze ulichosoma leo, mimi sikijui. Mzazi ambaye hakusoma ana nafasi nzuri kuliko msomi hapa, kwa sababu hawezi kumdakia mtoto maneno. Atauliza tena na tena mpaka mtoto mwenyewe asikie pale anapobabaika.

Hata hivyo, kuna kukatika kwa mudi ambako vizibo na vipande vya boksi havigusi. Mtu halali usiku wala mchana, au analala siku nzima. Chakula hakina ladha. Vitu alivyovipenda, mpira, kwaya, marafiki, vyote vimekuwa mbali. Anaanza kusema ingekuwa heri asingekuwepo. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Sisi wa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe mlangoni petu, na kwa bahati mbaya tumelifanya jina lake kuwa tusi la kutaniana, kiasi kwamba kijana anaona bora afe kuliko kuonekana anaingia getini. Nawaomba tuache. Si lazima kuanzia Mirembe; kituo cha afya cha karibu kinaweza kumsikiliza mtu na kumpa rufaa, na vyuo vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi ambayo kazi yake mojawapo ni hii. Ukiona mwenzako wa chumbani amefikia kuongea habari za kufa, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mwende wote.

Na kama uko chuo na umefika mahali ambapo huwezi kufanya mitihani, jua kwamba upo utaratibu wa kuahirisha mitihani au mwaka wa masomo kwa sababu za afya. Inatakiwa taarifa ya daktari na barua. Nimeona vijana waliojifungia chumbani wiki ya pepa, hawakumwambia mtu, wakahesabiwa kwamba hawakutokea bila sababu, na baadaye ikawa vita ya makaratasi kuthibitisha kwamba walikuwa wagonjwa kweli. Barua huandikwa kabla ya mtihani. Mistari mitano inatosha: jina, namba ya usajili, kozi, sababu, unachoomba. Kama mkono hauna nguvu ya kuandika, mwenzako aandike, wewe utie sahihi, mwambatishe karatasi ya hospitali, mtoe nakala moja ya kubaki nayo, na mwende nayo ofisini mapema kabla foleni haijawa ndefu.